Ubao Nyuma ya Boti

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani. Ninalo la mjomba wangu, la mwenye lori aliyenichukua, hata la kuku mwekundu niliyekuwa nazungumza naye, maana huyo nilimpa mwenyewe. Lakini sitayaandika. Jina la mtu si la kutupa ovyo. Mimi liko moja nililitoa mbele ya mtu asiyepaswa kulisikia, na mpaka leo nikilikumbuka nafunga mdomo.

Niliolewa mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, nikitokea Ziwani, kwa watu wa korosho na muhogo. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Anajenga kwa wakwe, analima nao, na mjomba wa mke anamtazama misimu miwili mitatu aone kama ana mikono. Mume wangu hakuweza. Alikuwa anaendesha boti ya mashine ya ofisi moja, boti iliyopeleka dawa na barua vijiji vya huko mlangoni mwa Ruvuma. Ililala ndani ya hori, mkono wa bahari ulioingia katikati ya mikoko, na mwendeshaji wake alitakiwa alale karibu nayo. Ofisi ilimpa chumba kimoja cha mabati na gati la mbao. Kwa hiyo nikahama mimi.

Mjomba alikubali kwa shingo upande. Siku ya kunitoa alimwambia mume wangu mbele ya watu, "Huyu sikupi. Nakuazima. Na cha kuazima kina mwenyewe." Watu wakacheka, mume wangu akacheka zaidi yao wote.

Hori lile lilikuwa kama chumba kingine. Mikoko imesimama pande zote mbili, imeshonana, upepo hauingii. Maji yakijaa yanatulia kama mafuta ndani ya sufuria. Yakitoka yanaacha tope, kaa, na harufu ambayo baada ya mwezi huisikii tena. Kijiji cha karibu kilikuwa mwendo wa saa nzima, na lazima ungoje maji yatoke ndipo upite. Walioishi huko walikuwa watu waliovuka kutoka ng'ambo ya mto kwa sababu ya vita. Wanawake wao walinisalimu kwa Kimakua, nami sikukijua, basi tukachekeana, tukaonyeshana samaki na unga, mazungumzo yakaisha hapo.

Mume wangu aliondoka kila Jumatatu, akarudi Alhamisi alasiri. Siku zile za katikati nilikuwa mimi, kuku mwekundu na kinu. Na kinu ndicho kilichonitesa. Kwetu hatwangi mtu mmoja. Mnasimama wawili, watatu, michi inapokezana, mmoja anaimba na mwingine anamsengenya mama mkwe. Pale nilitwanga peke yangu, na siku moja nikajikuta kila nikipiga nangoja kidogo. Naacha nafasi. Ile nafasi ya mchi wa mwenzangu. Nikaweka mchi chini nikalia, kisha nikamwambia kuku asimwambie mtu.

Sasa ubao. Ulikuwa umeegemezwa nyuma ya nyumba, mrefu kunizidi kidogo, umelainishwa, mbele umepinda kwenda juu kama ulimi. Mimi niliona ubao mzuri, nikaufanya wa kuparia samaki. Alhamisi moja mume wangu akanikuta nao, magamba yamejaa, akacheka mpaka akakaa chini.

"Unajua hicho unachoparia samaki ni nini?"

"Ubao."

"Huyo ni farasi."

"Farasi gani hana miguu?"

"Miguu unampa wewe."

Akanieleza. Zamani, kabla ya Uhuru, alipokuwa kijana wa kufunga kamba kwenye boti ileile, bwana mkubwa wake Mzungu alikuwa akisimama juu ya ubao ule nyuma ya boti, anavutwa kwa kamba. Halafu kamba anaitupa, na anaendelea kwenda.

"Bila kamba?"

"Bila kamba."

"Anavutwa na nini?"

"Maji."

"Mwongo wewe."

"Wallahi! Boti ikienda, nyuma yake maji yanainuka, yanafanya mgongo. Ukiupata ule mgongo, unakubeba."

Nikamwambia nami nataka. Akanitazama kuanzia miguuni. "Wewe? Mtoto wa muhogo?"

"Muhogo mkavu unaelea."

"Na ukilowa je?"

Kuogelea nilijua. Ziwani tulikuwa na bwawa nyuma ya mashamba, wasichana tulijifunza tukiwa wadogo, tukichapwa kila tulipogundulika. Lakini kuogelea na kusimama juu ya maji ni vitu viwili. Miezi mitatu ya kwanza nililinywa hori lote. Tena hatukuweza kila wiki. Ilitakiwa Alhamisi ikutane na bamvua, maji yamejaa mpaka yamefunika mizizi, bila hivyo boti ingekwaa. Mara mbili kwa mwezi, mara nyingine moja. Akifika kwenye kona ya mwisho anapiga honi, mimi niko gatini tayari, kaniki nimeipiga ubwinda, nimeipitisha katikati ya miguu na kuifunga nyuma kiunoni, juu nimevaa shati lake kuukuu. Anapunguza mwendo, ananitupia kamba, tunakwenda mpaka mwisho wa hori na kurudi. Basi. Hayo ndiyo yote. Lakini mimi nilihesabu siku kwa hayo.

Yeye ndiye aliyegundua habari ya mapipa. Boti ikiwa tupu, mgongo wake ni mdogo na unavunjika povu. Akaweka mapipa mawili ya maji kwenye kona ya nyuma, upande wa kushoto. Boti ikalala upande, kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja, na upande ule maji yakainuka mpaka usawa wa kiuno, laini, yanafuatana na boti hayakatiki. Hapo ndipo nilipoelewa. Kamba ni ya kukuinua tu. Ukishasimama unajivuta nayo mbele, karibu na boti, unatafuta mahali ambapo maji yanakusukuma visigino. Ukipapata, kamba inalegea yenyewe mkononi. Ikilegea ndiyo ruhusa. Unaitupa. Ukiegemea mguu wa mbele unakwenda, ukiegemea wa nyuma unangoja. Na hakuna anayekushika.

Sijui niseme vipi. Mwili wangu wiki nzima ulikuwa mzito kama gunia lililosahauliwa ghalani. Pale haukuwa na uzito wowote.

Na sasa jina. Kwetu mke hamwiti mume wake jina. Kabla ya mtoto unamwita Bwana, au unakohoa. Akizaliwa mtoto unamwita Baba Fulani, inakuwa rahisi. Mimi sikuwa na mtoto, kwa hiyo nilimwita Bwana. Lakini kwenye maji mashine inanguruma, mwendeshaji anatazama mbele asiingie kwenye mikoko, na neno Bwana ni zito, linafanana na mngurumo wenyewe. Siku moja nilianguka mapema, nikaita Bwana, Bwana, boti ikakata kona ikapotea. Niliachwa katikati ya hori, ubao umekwenda zake, mikoko kimya. Aliporudi uso wake ulikuwa wa majivu.

"Kwa nini hukuniita?"

"Nimekuita."

"Niite jina."

"Astaghfirullah."

"Niite jina, mke wangu. Kwenye maji hakuna wakwe."

Mara ya kwanza nililitamka nikiwa nimefumba macho, nikameza maji na kicheko pamoja. Baadaye tukaweka utaratibu. Nikianguka, naita mara moja. Nikiachia kamba, naita mara mbili, ajue ashike mwendo uleule asiongeze wala asipunguze. Jina lake lilikuwa na ukali mwanzoni, lilipenya mashine. Akilisikia anainua mkono mmoja bila kugeuka. Na nikikanyaga gati tu, ni Bwana tena, Bwana karibu maji ya kuoga, Bwana chakula tayari. Jumatatu mpaka Alhamisi nilikaa na lile jina mdomoni kama mtu aliyeficha tende mchana wa mfungo.

Mjomba alikuja mwaka wa pili, msimu wa korosho umekwisha. Ilikuwa Alhamisi. Alikuja na lori mpaka kijijini, akavuka tope kwa miguu, mtu mnene, viatu mkononi. Nikampigia magoti, shikamoo mjomba, marahaba mwanangu. Nikampa maji. Hakuyamaliza. Alitazama chumba kimoja, kinu kimoja, nguo za watu wawili kwenye kamba.

"Jirani yako nani?"

"Kuna kijiji, mjomba."

"Nimekipita. Nauliza jirani."

Kuku mwekundu akapita, nikaona aibu kumtazama.

Mume wangu aliporudi hata hakupumzika. Mjomba alimkalisha kwenye mkeka. "Mkwe wangu, mtoto wetu anaishi kama mlinzi wa godauni. Miaka miwili. Hana mwenzake wa kutwanga naye, hana wa kumshika akiugua. Nimekuja na maneno mawili, chagua moja. Uje Ziwani ujenge kama wanaume wengine, au tumrudishe aliyeazimwa."

Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika ungo. Nilichotaka kilikuwa kimoja tu, nisirudishwe. Najua ni ajabu baada ya yote niliyoandika juu ya kinu. Ziwani ningepata michi mitano kwenye kinu kimoja. Lakini nilijua pia kwamba mume wangu hawezi kuishi mbali na boti, kwa hiyo kurudi Ziwani kulikuwa kurudi bila yeye, na bila zile Alhamisi za maji makubwa.

Mume wangu alikuna kichwa. Halafu akasema, "Mjomba, wewe umeona nyumba. Maisha yetu hujayaona. Panda boti, uone mtoto wako anavyofurahi."

Nilimtikisia kichwa kwa nyuma ya mjomba. Hakuniangalia. Alikuwa ameshasimama.

Mjomba alisali alasiri kwanza, kisha akapanda, gati likalia chini yake. Mume wangu akayatoa mapipa, akamwambia, "Kaa hapa kwenye kona mjomba, hapa hakuna povu." Boti ikainama kuliko ilivyowahi kuinama na mapipa. Nilipotokea na kaniki yangu ya ubwinda, mjomba akageuza uso akatazama mikoko. "Kulikoni? Unakwenda kuchimba kisima?"

"Subiri mjomba," mume wangu akasema, na mashine ikawaka.

Sijapata mgongo wa maji kama ule, kabla wala baada. Mapipa mawili hayakuwa kitu mbele ya mjomba. Maji yaliinuka yakanifika kifuani, meusi, yanang'aa, na nilisimama mara moja tu bila kuyumba. Nikajivuta. Nikaisikia kamba inalegea. Nikaitupa.

"Kamba imekatika!" mjomba akapiga kelele, ameshika kofia. "Simamisha! Kamba imekatika!"

"Haijakatika mjomba, ameiacha mwenyewe!"

"Ameiacha? Sasa anavutwa na nini?"

"Maji!"

Mjomba alinikodolea macho. Nikaegemea mbele, nikamsogelea, nikaegemea nyuma, nikarudi. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona jasho la shingo yake. Na yule mtu, ambaye utoto wangu wote sikuwahi kuyaona meno yake, akafungua mdomo akacheka, akapiga makofi kama yuko ngomani. "Lahaula! Anatembea! Huyu mtoto anatembea!"

Furaha ilinishika vibaya. Nikaita jina la mume wangu mara mbili, kama kawaida yetu. Mkono wake ukainuka. Halafu nikaliita mara ya tatu, bila sababu yoyote.

Makofi yakakatika. Mjomba alinitazama, akamtazama mume wangu, kisha akainuka pale kwenye kona, akaenda kukaa mbele kabisa, mgongo wake kwangu. Boti ikakaa sawa. Yale maji yakanywea chini ya miguu yangu, nikazama polepole nimesimama vilevile, mpaka kiunoni, mpaka shingoni. Sikuita tena. Walinirudia wenyewe.

Nyumbani nilibadilisha nguo nikakaa chini ya ukuta. Mjomba hakupaza sauti.

"Mkwe wangu, masikio yangu ni mazee, nisaidie. Mkeo amekuita jina mara tatu mbele yangu. Nimesikia vibaya?"

"Umesikia, mjomba."

"Ndiyo desturi yenu hapa?"

Nilijua jibu lake. Nililingoja kama unavyongoja mtu amalize salamu. Angesema, mjomba, ni mimi niliyemruhusu, ni kwa ajili ya mashine, ni kwa usalama wake. Ingekuwa faini ya mwanamume, mbuzi labda, na maneno makali.

"Hapana, mjomba," akasema. "Sijawahi kumsikia. Leo ndiyo mara ya kwanza. Labda ni woga."

Alikuwa anabandua tope kwenye ukucha wa mguu wake wakati anasema hayo.

Mjomba akanigeukia, na nikaona ameanza kulegea. Bado alikuwa na kile kicheko cha kwenye maji mahali fulani ndani yake. "Kama ni woga, ulimi ukikosea una faini yake. Utamchinjishia mumeo kuku, utapiga magoti umwombe radhi, mimi nakula paja langu, kesho narudi Ziwani. Na habari ya kukurudisha naiweka mpaka msimu ujao. Kosa la mara moja halivunji nyumba. Ilikuwa woga?"

Kile nilichokitaka kikawa kimewekwa mbele yangu juu ya mkeka. Ilikuwa niseme ndiyo tu. Kuku alikuwepo, mmoja, mwekundu.

Nikamtazama mume wangu. Nikampa nafasi, ileile ninayoiacha kwenye kinu, kati ya pigo na pigo. Hakuinua kichwa.

"Haikuwa woga, mjomba," nikasema. "Tutaondoka saa ngapi?"

Sikumweleza zaidi, wala siku ile wala baadaye, na Ziwani wote walijua nimerudi kwa sababu ya ukosefu wa adabu. Niliwaacha wajue hivyo.

Asubuhi maji yalipotoka mume wangu alinibebea kinu mpaka kijijini, akizama kwenye tope mpaka magotini. Kuku nilimbeba mimi kwapani. Mjomba alitangulia mbele. Penye lori mume wangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Ningesema nini? Ni mjomba wako."

"Ungesema tu."

Akakiweka kinu ndani ya lori. Akafuta mikono kwenye suruali. "Niite basi. Mara moja."

"Hapa ni nchi kavu, Bwana."

Talaka ilikuja kwa barua, nikasomewa na mtu mwingine. Miaka michache baadaye, tulipohamishiwa kijiji kipya, ikaja elimu ya watu wazima, nikajiandikisha. Jioni moja mwalimu alisema kila mama aandike jina la mtu anayemjua vizuri. Niliandika. Lilikaa zuri kwenye kibao, herufi zake nyembamba. Mwalimu alipofika kwangu nilikuwa nimeshalifuta kwa mate, akadhani sikuweza, akaniandikia neno baba ninakili.

Ubao aliniletea yeye, au tuseme aliutuma. Ulifika Ziwani juu ya gari la korosho, umefungwa kwa kamba ileile, bila neno lolote. Nilisikia baadaye kuwa boti imeuzwa, naye anakaa mjini, Rahaleo, ana mke na watoto, anaitwa Baba wa mtoto wake wa kwanza, kama inavyotakiwa. Sikuwahi kwenda kutazama. Nikienda mjini nilipita njia ya Chuno, nisipite mtaani kwake.

Nami niliolewa tena, nikazaa, na ubao ninao hadi leo, naanikia muhogo. Juzi wajukuu walikuwa wamenizunguka, mmoja wa kike akaupapasa pale ulipopinda.

"Bibi, huu ubao mbona uko hivi?"

"Ulikuwa wa kusimamia."

"Juu ya nini?"

"Juu ya maji. Nyuma ya boti. Bila kamba."

Wakacheka wote, wakagongana. "Mwongo wewe, bibi! Nani alikuona?"

Walioniona walikuwa wawili. Mjomba amekufa siku nyingi. Wa pili ningemtaja, lakini ili wamjue ingebidi niseme jina lake.

Nikawaambia waanue muhogo, mawingu yanakuja.